Sensa ya Usiku Msitu wa Nambudi

Wananchi mnatangaziwa kwamba enzi ya kuishi na wanyama wasiojulikana imekwisha! Mwaka huu wa 1993, soko likiwa huria, kila kiumbe kijitokeze kihesabiwe, la sivyo kisije kulalamika baadaye. Mimi Vitalis, katibu wa Kamati ya Sensa ya Vyura na Wenye Magamba, nathibitisha kuwa kazi ilifanyika kitaalamu, usiku, kwa tochi tatu, moja ikiwa na betri.

Mwenyekiti wetu, Bwana Anselmo, aliteremka toka Newala na utaratibu alioutunga mwenyewe. Kiumbe kitahesabiwa endapo mzaliwa wa Masasi au Newala atakiona usiku na kukitaja jina kwa sauti. Msitu ukikutwa mtupu, mwekezaji ataukata. Mwekezaji alikuwa shemeji wa Mwenyekiti, jambo lililorahisisha sana mawasiliano.

Mtajaji aliteuliwa Mama Kulwa, mkulima wa korosho na mzaliwa wa Masasi, kwani mimi ni wa kuja. Kijiji chake kinachota maji kwenye chemchemi ya msitu huo. Maji mengine yako chini bondeni, mwendo wa saa tatu, na kupanda na ndoo kichwani ndiyo usiseme.

Vyura walipiga kelele mpaka tukashindwa kusikilizana. Mwenyekiti akawaengua: wana makazi mawili, majini na nchi kavu, kwa hiyo si wakazi wa kudumu. Kenge naye alitimua mbio kabla ya kujitambulisha.

Kisha tochi ikamulika nyoka tawini.

"Mtaje, mama," nikasema, kalamu tayari.

"Si huyo hapo!" Akanyoosha kidole.

"Kidole hakina nafasi kwenye fomu."

"Jamani! Yule usiku hatajwi, mwanangu. Ukimtaja umemwita. Nitamtaja kukicha."

"Kukicha si usiku," alisema Mwenyekiti kwa upole. Yeye ni mzaliwa wa Chiwata, huku huku Masasi, na mwiko huo anaujua tangu ananyonya.

Tuliwaona nyoka saba, wote bila kutajwa. Nikaandika sifuri.

"Mtatuua kwa kiu, Baba Priska," Mama Kulwa akamwambia Mwenyekiti, machozi yakimtoka. Roho iliniuma, lakini katibu haumii wakati wa kazi.

Mwenyekiti akaketi kwenye gogo, akavua viatu vilivyombana, akaanza kutuhutubia juu ya maendeleo. "Msitu huu ni mtupu kabisa," alisema. Hapo kitu kinene chenye mabaka kikaanza kumpanda mguu, taratibu, bila haraka yoyote.

"Nyoka!" Ukelele ulifika Lisekese. "Mama wee, kifutu! Nyoka! Nyoka!"

Nikaandika. Saa nane na dakika kumi usiku. Mtajaji: mzaliwa wa Chiwata. Sauti: inatosha. Wakazi wa kudumu: mmoja. Msitu si mtupu, haukatwi.

Mama Kulwa alijifuta macho kwa kanga, akaangua kicheko hadi akakaa chini.

Mwenyekiti alikuwa amesharukia mgongoni kwangu, kanikaba shingo. "Futa hiyo, Vitalis," akaninong'oneza.

"Nitafuta, mheshimiwa," nikamjibu. "Shuka kwanza uthibitishe kwamba hayupo."

Nilimbeba hadi barabarani.