Kundi la Kudhibitiwa

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa idara ya utengamao ametangaza: hatujui wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza wafundishwe nini ili waweze kumrudisha mgonjwa kwenye miguu yake. Atakayeleta pendekezo bora la utafiti Ijumaa atapewa ajira ya kudumu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu! Nimetazama dirishani mchana kutwa. Nikaona, kama ndotoni, mlango wa ofisi wenye jina langu, pazia jepesi likipepea, wageni wakingoja kwa adabu. Mkuu akauliza kama ninaumwa.

Jumanne, 5 Machi
Pendekezo limekamilika. Nusu ya darasa watajifunzia wodini, kwa kumshika mgonjwa na magongo yake. Nusu watabaki na mihadhara, kwa ajili ya ulinganisho. Hao nimewaita, kwa istilahi sahihi kabisa, Kundi la Kudhibitiwa. Majina ya makundi na ya wanafunzi nimeshayabandika ubaoni, nionekane mtu wa vitendo. Nimemwambia Mama anaweza kuanza kuniita mhadhiri. Akasema mbona alishaanza zamani.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Kiranja wa darasa amekuja na wenzake, macho mekundu. Mwalimu, tumekosa nini hata tudhibitiwe? Nikawahakikishia kwa utulivu kwamba hawatafanywa lolote la maana. Wakazidi kulia. Mpinzani wangu wa meza ya pili, tunayemwita Bwana Wastani, akanong'ona: pole ndugu yangu, pingu umeagiza ngapi?

Alhamisi, 7 Machi
Nimebadilisha jina: Kundi Lisilopewa Kitu. Uwazi, wepesi wa lugha. Asubuhi wote wakahamia wodini kudai kitu chao. Darasa zima likazunguka kitanda kimoja. Mgonjwa akaomba walau nafasi ya kusimama. Wa kulinganishwa hawapo tena. Nimekaa kwenye ngazi, nikauota mlango ule. Jina lilikuwa na ukungu.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana Wastani amewauliza tu wanafunzi wanahitaji nini. Wodi zaidi, wamesema, na walimu wanaoeleweka. Kazi kapata yeye. Mimi nimeongezewa muhula mmoja, kwa huruma, nimsaidie. Sharti nisibandike kitu.
Haidhuru! Nina utafiti mpya: kwa nini wanafunzi hawaelewi istilahi? Nusu nitawafundisha, nusu nitawaacha. Na jina nimelichota ndani ya jina la idara yenyewe, Utengamao, nani atalalamika? Kundi la Waliotengwa. Sitalibandika. Nitalitangaza kwa kipaza sauti.