Nyaya Nene za Kuvukia Daraja

Jumatatu, 29 Juni

Katika mtaa huu wa wastaafu hakuna anayejua umeme kunizidi mimi, Verlin Stuckey. Nilikuwa fundi umeme wa manowari. Haya, nilikuwa kwenye manowari. Nikimenya viazi. Lakini taa ilikuwa juu ya kichwa changu, na niliitazama sana.

Leo kigari changu cha gofu kimeniaibisha tena. Nilikuwa napanda daraja la vigari, lile linalopita juu ya barabara kuu. Katikati ya mwinuko kikaanza kutambaa. Bibi mwenye gongo la miguu minne akanipita. Akanipungia mkono! Hapa kila mtu humpungia kila mtu, lakini ule mkono ulikuwa na kejeli.

Na Jumamosi ni gwaride la Siku ya Uhuru. Bi Nedra Kincannon atashika bendera kubwa katika kigari cha mbele. Mwaka jana nilimwendesha mimi. Alishuka darajani akasukuma, na viatu vyake vyeupe. Mwaka huu ametangaza: atapanda na mwanamume atakayemvusha bila kumshusha. Yaani mimi, au jirani yangu Daktari Lowell Ambrister, aliyestaafu kung'oa watu meno. Bi Nedra ana kicheko kinachosikika hadi barabarani. Simwachii mng'oa meno.

Jumanne, 30 Juni

Nimegundua ugonjwa. Nyaya za betri! Nyembamba, zimeota kutu ya kijani, umeme unapita kwa kujibana. Weka nene, umeme utapita kama ng'ombe waliofunguliwa lango. Haya aliyasema muuza betri. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua tangu zamani.

Nyaya nene ninazo, za mashine ya kuchomelea ya marehemu shemeji. Spana sina. Nikaenda kwa Daktari, nikamwambia bomba la jikoni linavuja. Nikamkumbusha kwamba Krismasi nilimshikia ngazi akitundika taa. Akasema ngazi hiyo nilishamkumbusha nilipoazima mashine ya kukatia nyasi, na baiskeli, na kiti cha ufukweni. Lakini akanipa.

Nilipogeuka kuondoka, akasema, "Verlin, hilo bomba lako. Kabla hujaligusa, vua pete, uzime swichi ya chini ya kiti. Na uanze na waya wa hasi."

Nikamwambia bomba halina hasi.

"Ndiyo maana nakwambia," akasema.

Jumatano, 1 Julai

Pete sikuvua. Ni ya marehemu mke wangu Loretta, haivuliwi kwa amri ya mng'oa meno. Swichi nilisahau. Spana ikagusa vichwa viwili vya betri kwa mpigo. Cheche! Nilijikuta nimekaa ndani ya ndoo, nyusi za kushoto hazipo. Pete ilipata moto nikacheza dansi ambayo Loretta angeifurahia. Spana ya Daktari sasa ina tundu, kama jino bovu.

Tena nilikuwa nimeng'oa nyaya zote kwa pamoja. Betri zikanitazama, nami nikazitazama. Upi ulikuwa wapi? Nikanyata kwenda kuchungulia chini ya kiti cha kigari cha Daktari. Ni pacha wa changu: aina moja, rangi ile ile ya maziwa, tulivinunua siku moja. Hata funguo zetu ni sawa. Ufunguo mmoja huwasha vigari vyote vya aina hii hapa mtaani, kila mtu anajua na hakuna anayejali.

Daktari akatokea, akauliza natafuta nini kwenye kigari chake. Nikasema paka. Akapiga magoti, tukamwita paka pamoja kwa muda mrefu. Mtu mwema, lakini anachelewesha kazi.

Alasiri nimemaliza. Karibu. Nyaya nene ziliisha kabla ya betri, kwa hiyo waya mmoja mwembamba umebaki pale mwisho. Nati yake ilikataa kukaza, na wingu la mvua lilikuwa limekaribia, nikaizungushia utepe mweusi. Ukishusha kiti haionekani.

Alhamisi, 2 Julai

Kimepaa! Daraja lote bila kukohoa. Bibi wa gongo nimempita. Nimempungia.

Kwenye mteremko nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Harufu ya upya, bila shaka.

Nikampitia Bi Nedra, nikamvusha kwenda na kurudi, kofia ameishika kwa mikono miwili. Akasema basi, Jumamosi nimfuate saa tatu asubuhi. Kisha akaninyooshea kidole. "Ukinishusha darajani safari hii, Verlin, sipandi na wewe tena mpaka siku ya mazishi yangu. Na hapo ni kwa sababu sitaweza kukataa."

Ijumaa, 3 Julai

Samaki wa kukaanga ukumbini, kama kila Ijumaa. Daktari alimwomba Bi Nedra apande naye kesho, mbele ya watu. Akajibiwa kiti kimeshachukuliwa. Nilikula sahani mbili kwa furaha na kuwasimulia wote mezani habari za nyaya zangu. Nikatoka wa kwanza, makusudi, waione kasi. Vigari vilikuwa vimepangwa nje kama mayai kwenye trei. Nikawasha, nikaondoka.

Kilikuwa kizito kidogo. Samaki hao.

Nyumbani, kwenye kishikio cha kikombe, nikakuta mfuko wa peremende. Bi Nedra! Ameniwekea kimyakimya. Mwanamke hasemi, anaweka peremende. Nimekula nusu.

Jumamosi, 4 Julai

Bi Nedra kavaa nyekundu, na viatu vyeupe. Bendera juu. Mtaa mzima nyuma yetu na tarumbeta zao. Tukaanza kupanda. Kigari kikatambaa. Kikasimama. Nikamwambia Bi Nedra umeme unavuta pumzi. Nyuma wakaanza kupiga honi.

Daktari akaja kama upepo. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba alfajiri, gizani na bila miwani, alisugua vichwa vya betri zake kwa magadi na mswaki. Bi Nedra akachukua bendera, akashuka, akapanda kwake. Hata hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Nikafunua kiti. Nyaya nyembamba! Kutu ya kijani! Na ndani ya kifuniko, kwa rangi nyeusi: AMBRISTER. Jana ukumbini nilichukua kigari cha Daktari. Kinachopanda na Bi Nedra ni changu!

Nilikimbia. Na magoti haya. Walikuwa wamesimama kileleni ili Bi Nedra ayapungie bendera magari ya chini. Nikapaza sauti wote wasikie kwamba kigari hicho ni changu, na kasi hiyo ni yangu.

"Una hakika?" akauliza Daktari.

Nikasema fungueni kiti mwone. Kila waya, kila nati, ni mkono wangu.

Bi Nedra akafunua kiti. Ukatoka moshi.

Utepe ulikuwa unaungua, na ule waya mwembamba umelainika kama tambi. Daktari akavua pete yake taratibu, akazima swichi, akaanza na hasi.

"Kila nati, Verlin?" akauliza Bi Nedra.

Nikaona niokoe kinachookoka. Nikamshukuru kwa peremende. Akasema hajanunua peremende. Nikautoa mfuko. Daktari akawa mwekundu kuliko gauni la Bi Nedra, maana ndiye aliyeukataza mtaa wote kula vitu vitamu. Mama wa watu akacheka kile kicheko chake, magari ya chini nadhani yalisikia. Akamwomba Daktari moja.

Wakaongoza gwaride kwa miguu, wawili, bendera katikati, wanamumunya peremende zangu. Mimi nilibaki kulinda vigari.

Jumapili, 5 Julai

Nimetafakari sana. Nimelipata kosa: nyaya hazikuwa nene vya kutosha. Muuza betri anazo nene kuliko zile. Tena zaweza kuchukua mota kubwa zaidi.

Bi Nedra yuko barazani kwa Daktari, wanakunywa kahawa. Amenipungia mkono. Mkono wa kweli safari hii, naujua. Mwaka ujao hatashuka.

Pete bado iko kidoleni. Naenda kwenye ua sasa hivi kumwita jirani yangu: Daktari, bomba la jikoni linavuja tena. Niazime spana, ile isiyo na tundu. Usisahau Krismasi nilikushikia ngazi.