Mwamba Niliougonga Tassia

Wenzangu, leo nimeaibika mbele ya baba yangu, fundi wake na jirani, na nawaandikia mapema kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Nimeshaoga mara mbili. (Mtaelewa.)

Mnajua baba ni mchonga vinyago. Miaka yote tumekaa watu sita katika chumba kimoja mtaa wa Baba Dogo, yeye akichonga swara na twiga ili siku moja ajenge. Mwaka huu amepata kiwanja Tassia, kule Embakasi. Kidogo, lakini chake. Leo ilikuwa siku ya kuchimba msingi, na akaniita mimi. Tangu niingie chuo amekuwa akiwaambia watu kanisani kwamba binti yake "anasomea mawe", kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Kwa hiyo nilikwenda na buti za idara, nyundo ya idara, na kichwa kikubwa cha kwangu mwenyewe.

Baba aliomba, tukasema amina, Fundi Juma akaanza kuchimba. Nikawahutubia. Nikawaeleza kwamba udongo huu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, ndiyo maana nyumba nyingi huku zina nyufa za kupitisha mkono. Kwamba chini yake kuna mwamba uliotokana na volkeno, na msingi lazima uufikie. Jiolojia, nikasema, ni kujua kilicho chini ya miguu yako kabla hujakiwekea mzigo. Baba alivua kofia kunisikiliza. Hilo ndilo lililoniponza.

Futi mbili tu, sururu ikagonga kitu kigumu.

"Msomi," Fundi Juma akaniita, "kwa kiwanja ya jirani tulienda futi sita. Hii mwamba imekuja juu namna gani?"

"Mwamba nao una vilima na mabonde," nikamjibu. (Ni kweli. Iko kwenye daftari langu.)

Nikashuka, nikagonga kwa nyundo. Du. Du. Baba akainama ukingoni, akatega sikio, vile anavyolisikiliza gogo la mpingo kabla ya kulinunua.

"Mwende, hiyo iko na uwazi ndani. Gonga tena."

"Baba, hayo ni mambo ya mbao. Hili ni jiwe."

Jamani. Jiwe la huku Embakasi linaitwa fonolaiti. Mnakumbuka kwa nini? Kwa sababu ukiligonga linalia kama kengele. Lilikuwa swali la mtihani na nililipata. Hili lilitoa sauti ya debe lililofunikwa blanketi, na aliyeisikia ni mtu ambaye hajawahi kukaa darasani nasi hata siku moja.

Ili kuwaondolea shaka, nikaruka juu yake kwa buti zote mbili.

Nilizama mpaka kwapani. Miguu ikawa inaning'inia hewani, na kutoka huko chini harufu ikapanda, ikanikumbatia. Nyundo sikuiachia. (Ni ya idara.)

Mama Halima, mwenye duka hapo jirani, akaja mbio. "Hiyo ni choo ya wale watu walikuwa wanachimba mawe zamani! Walifunika na zege wakaenda."

Walinivuta kwa mikono. Fundi Juma alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliokota kokoto, akaitupa ndani ya lile tundu, na tukasubiri kidogo kabla ya kuisikia ikitua. Kisha akaitazama kamba ya kupimia.

"Hapa ndipo ingekuwa kona ya chumba cha mama yako," akasema.

Nikalia. Si kwa sababu ya uchafu. Nililia kwa sababu bila ule mruko wa majivuno wangejenga hapo hapo, juu ya neno langu, na mama angelala hapo.

Baba alichukua nyundo, akaifuta kwa shati lake, akanirudishia.

"Twende kona ile ingine. Wewe gonga, mimi nasikiliza."

Tuliufikia mwamba saa tisa, futi sita na kitu. Ulilia kama kengele. Yeye aliusikia kwanza.

Nyundo ya idara naileta Jumatatu. Imeoshwa kwa sabuni mara tatu. Atakayeinusa, naomba anyamaze.