Usukani wa Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la watu wengi wanunuapo gari kuukuu ni kuanza na injini. Injini hutengenezeka. Mtu aanze kwa kujiuliza: nani atakaa kando yangu? Mimi nimejiuliza. Jibu linatua uwanja wa ndege Jumamosi, saa nne asubuhi. Mke wangu! Miaka miwili na miezi mitatu ya vibali na mihuri. Nimemwandikia kwamba nitampokea kwa gari langu mwenyewe. Gari sina.

Jumanne, 5 Machi
Nieleze, ingawa msomaji ni mimi peke yangu. (Ualimu haustaafu.) Sikio langu la kulia ni pambo tu. Nyumbani usukani uko kulia, hivyo kwa miaka thelathini na moja mama watoto alikaa kushoto kwangu, akinisema ndani ya sikio zima. Huku ugenini usukani uko kushoto. Abiria hukaa upande wa pambo. Nimngoje miaka yote hiyo ili nisimsikie? Hata! Nataka usukani wa kulia, basi. Mkwe wangu, mume wa binti, ana gari jipya linalonong'ona. Amejitolea kwenda kumpokea mama. Nimemshukuru kwa sauti ya mtu anayekataa.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Dalali mmoja, tunayemwita Bila Wasiwasi, analo. Rangi ya chai ya maziwa, usukani kulia. Limekaa uani kwake miaka kadhaa kwa sababu, asema, wenyeji hawajui kizuri. Nikamwonyesha maji yanayodondoka chini ya rejeta. "Mwalimu, hilo jasho tu. Gari limekuona likafurahi." Nikacheka. Nikalinunua kabla sijamaliza kucheka. Nikakaa kwenye usukani, nikageukia kushoto. Kiti kitupu. Nikakifuta vumbi mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Binti kashika kiuno. Kauliza kama nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikamwambia gunia nililifungua mwenyewe. Mkwe kalizunguka gari, kalipiga tairi teke la heshima, akasema, "Baba, hili utaliendesha au utalisukuma?" Nikamweleza, hatua kwa hatua, tofauti ya gari na toroli. Akasikiliza mpaka mwisho. Adabu yake inaudhi.

Ijumaa, 8 Machi
Mazoezi ya kwenda uwanjani. Aibu! Langoni, mashine ya tiketi iko kushoto, nami niko kulia. Nikajinyoosha juu ya kiti cha abiria mpaka mgongo ukalia. Vidole havikufika. Nikashuka, nikazunguka, nikachukua tiketi. Kizuizi kikapanda. Nikazunguka kurudi. Kikashuka. Honi nyuma yangu kama harusi! Mlinzi akachungulia upande wa kushoto, akaniuliza dereva wangu yuko wapi.
Ufumbuzi: koleo la jikoni, nimelifunga kwenye mpini wa mwavuli. Nimelijaribu sebuleni kwa gazeti. Linashika.

Jumamosi, 9 Machi
Koleo lilishika tiketi, upepo ukaichukua. Mlinzi yule yule akaniokotea.
Mke wangu akatoka! Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nyuma ya mzigo mkubwa kuliko yeye. Alininyooshea kola ya shati. Kisha akaenda moja kwa moja mlango wa kushoto, akaketi. Wakati wa kutoka, mashine ilikuwa upande wake. Akanyoosha mkono, akatia tiketi, kizuizi kikapanda, kana kwamba kazaliwa langoni.
Kilomita tatu, moshi. Rejeta. Mkwe kasema kwenye simu atafika baada ya saa mbili.
Saa mbili! Tukapandisha vioo. Akanisema: nimekonda, shati limepauka, gari hili hata kuku wangekataa kulala humu. Sikupoteza neno hata moja. Nikamwuliza kama amechoka kungoja. Akasema kungoja amezoea, ila safari hii anangoja akiwa na mtu wa kumsema.

Jumapili, 10 Machi
Fundi kasema injini imekufa, tusimsumbue marehemu. Mkwe kamfungulia mama mlango wa gari lake linalonong'ona, wameenda sokoni. Binti anatumaini nimepata funzo. Nimelipata. Bila Wasiwasi analo jingine, la bluu, usukani kulia. Kasema hili jasho lake si jingi. La kufanya leo: kumpigia kabla halijachukuliwa.