Ng'ombe Mmoja Badala ya Ukuta

Jumapili, 13 Julai 2025

Nimelala vibaya. Nimeamka vibaya zaidi. Nidhamu imekwisha katika nchi hii, na miguu inaniuma.

Jana tulikutana kamati ya kituo cha vijana waliokosana na sheria. Kitajengwa hapa Bariadi, nacho kitakuwa kituo cha wazi: kijana alale hapo, afanye kazi, asome, aende mjini na kurudi. Michoro miwili iko mezani. Wa kwanza ni wa Selestini, askari magereza mstaafu. Ukuta wa mita nne, vipande vya chupa juu yake, na neno KARIBU langoni. Wa pili ni wangu. Hauna ukuta. Kila kijana anakabidhiwa ng'ombe. Msukuma hamwachi ng'ombe wake. Ukishampa, umemfunga bila kamba.

Selestini akasema kwamba nawagawia wezi mtaji wenye miguu minne. Wajumbe wakacheka. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Najuta.

Joyness, afisa ustawi wa jamii, ndiye aliyenitetea. Amenipa kijana mmoja wa majaribio, Ndaki, miaka kumi na sita, mwenyeji wa Nkoma. Aliiba pampu ya maji, na mahakama imemweka chini ya uangalizi wa Joyness. Atakaa kwangu. Alhamisi kamati inakuja kutazama. Wakimkuta, mchoro wangu umepita. Wasipomkuta, unajengwa ukuta, na Ndaki anarudishwa mahakamani.

Jumatatu, 14 Julai

Ndaki amefika. Mwembamba, mpole, anakula kama trekta. Ameniita guku. Nimemweleza kwamba mimi si babu yake, aniite Mwalimu Mkuu. Akaitikia: ndiyo, guku.

Nimemkabidhi ng'ombe mwekundu wa Felisita, mke wangu. Sikumwomba Felisita, nilimtaarifu. Akauliza kama mimi nimeishiwa vitu vyangu vya kufanyia majaribio. Ng'ombe huyo ndiye pekee aliyebaki katika mahari ya binti yetu, na mwanamke huyu humsalimia asubuhi kabla hajanisalimia mimi.

Nimempa Ndaki kanuni moja tu: asimwache ng'ombe wake hata dakika moja, litokee lolote. Amerudia kwa sauti. Kisha akaenda kuchunga katika ngitili yetu, malisho tuliyoyafunga tangu masika ili yatufae kiangazi hiki. Hakuna mlango, hakuna mlinzi. Uhuru mtupu.

Nilimfuata nyuma kwa mbali. Nimechomwa na miiba mahali ambapo siwezi kupaandika.

Jumanne, 15 Julai

Mwili haunipi nafasi ya kumfuata tena. Akili ikanifaa. Nimekwenda sokoni nikanunua kengele kubwa, nikamfunga ng'ombe shingoni. Sasa nakaa kwenye kiti, nakunywa chai, na kijana nampata kwa masikio. Selestini hangebuni jambo kama hili hata angepewa mwaka mzima na msaidizi.

Ndaki aliitazama kengele kwa muda mrefu. Akauliza kama ni ya ng'ombe au ni yake yeye. Nilimwambia asiwe na maswali mengi. Felisita akacheka jikoni. Sijui alicheka nini.

Jumatano, 16 Julai

Jioni Ndaki amekuja kuniambia kwamba amepigiwa simu, bibi yake mzaa mama amefariki Nkoma. Ndiye aliyemlea. Mazishi ni Ijumaa. Akaomba aende.

Nikampa pole. Kisha nikamweleza kwamba katika taasisi yoyote yenye heshima, ruhusa huombwa siku tatu kabla. Akaniuliza kwa upole kama marehemu naye alipaswa kutoa taarifa siku tatu kabla. Nikamwambia huo ni utovu wa nidhamu. Nikamkumbusha kwamba kesho kamati inakuja, na kanuni ni ileile: asimwache ng'ombe.

Akasema ndiyo, guku. Hakula. Nimefurahi kwamba amenielewa.

Alhamisi, 17 Julai

Laiti ningekufa jana.

Wajumbe walifika saa nne. Niliwapanga kwenye viti, Selestini mbele kabisa ili aumie vizuri. Kengele ilikuwa ikilia tangu alfajiri upande wa ngitili. Nikawahutubia. Nikasema wasikilize: iliko kengele ndiko aliko ng'ombe, na aliko ng'ombe ndiko aliko kijana. Kengele ikasogea. Nikasema mnaona, anakuja kwa hiari yake. Ikasogea zaidi. Nikanyoosha fimbo kuelekea kichakani.

Akatokea mbuzi.

Mbuzi wetu mwenyewe, na kengele yangu shingoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Selestini akamlamba mkono. Selestini akamsalimia, mwangaluka Ndaki, akamwuliza habari za pampu. Wajumbe walicheka hadi mmoja akaanguka na kiti. Joyness peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama njia ya Nkoma.

Hapohapo wakapiga kura. Ukuta. Mita nne. Mmoja akapendekeza tano.

Ijumaa, 18 Julai

Sikutoka kitandani. Hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini.

Mchana Felisita akaingia, akaniambia ukweli bila kuketi. Ndaki alimuaga. Amekwenda msibani. Amekwenda na ng'ombe kwa sababu Mwalimu Mkuu alimkataza kumwacha, litokee lolote. Kengele alimvua kwa sababu mtu hawezi kuingia kwenye matanga akilialia kama gari la aiskrimu. Mbuzi alivishwa ili nisipate wasiwasi.

Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba jana alikuja mara mbili kuniambia, na mara zote mbili nilimwashiria kwa fimbo anyamaze, nilikuwa nazungumzia hiari.

Akaniuliza nitakwenda lini kwa Joyness kumwambia. Nikajigeuza ukutani. Nikisema kijana amekwenda kuzika, wataniuliza aliombaje ruhusa na mimi nilimjibu nini. Ndaki atarudishwa mahakamani, nami nitazikwa bila hata choo cha shule chenye jina langu. Imekwisha.

Jumapili, 20 Julai

Ndaki amerudi.

Peke yake, kwa miguu, vumbi hadi kope, ng'ombe mbele yake ameshiba. Ameleta salamu kutoka kwa wajomba zake, na kuku wa Felisita. Felisita amemsalimia ng'ombe, kisha amemkumbatia kijana, kisha amelia. Mimi nimepewa salamu.

Felisita alimpigia Joyness simu bila idhini yangu. Joyness amekuja na pikipiki, amemkuta Ndaki akinywa maji. Amesema hajawahi kuona ushahidi mzuri kuliko huu: kijana alikuwa na njia, alikuwa na ng'ombe, alikuwa na kila sababu ya kutorudi, na amerudi. Ameiita kamati kesho saa tatu asubuhi ipige kura upya. Ndaki atazungumza mwenyewe. Akinena kama alivyonena leo, Joyness anasema, ukuta hautajengwa, wala yeye harudi mahakamani.

Kila kitu sasa kinamtegemea Ndaki. Lazima kesho asimame mbele ya wajumbe na kuwaambia kwa kinywa chake kwamba kwangu hafungwi mtu. Shahidi kama huyo hawezi kuachwa azurure. Je, akienda kuoga mtoni? Je, akifa tena mtu Nkoma?

Kwa hiyo nimemlaza katika ghala la pamba. Nilingoja Felisita aingie kumpelekea ugali na mlenda, nikahesabu muda wa kutosha, nikasukuma mlango taratibu, nikatia kufuli. Ufunguo nimeuvaa shingoni. Kwa mara ya kwanza wiki hii nina amani.

Mlango wa ghala unagongwa. Atazoea.

Nimekaa mezani tangu magharibi nangoja chakula changu. Nimemwita Felisita mara tatu. Haitiki. Wanawake wakipata kijana wa kuzungumza naye, husahau wajibu.