Mtu wa Kivuli Katika Baruti ya Mwisho

Jumatatu, 1 Agosti 2005

Hatimaye! Mwandishi wa safu ya filamu ameacha kazi na Bi Rael, mhariri wetu, anatafuta mwingine. Miaka sita nimekaa kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo. Miaka sita ya "ametutoka ghafla"! Nikibaki pale mwaka mmoja zaidi, tangazo litakalofuata litakuwa langu.

Tatizo ni Were wa michezo. Naye anaitaka safu. Bi Rael amesema tuandike uhakiki wa Baruti ya Mwisho, Sehemu ya Nne, na mwenye uhakiki bora ndiye atakayepewa. Waandishi wataonyeshwa filamu hiyo Alhamisi mchana, hapa mjini. Were akatangaza mbele ya ofisi nzima kwamba filamu za mwendelezo ni majani ya chai yaliyochemshwa mara ya nne. Mtu ambaye kila wiki anaandika habari za timu ile ile ikifungwa!

Jumanne, 2 Agosti

Mpango. Kwa nini ningoje Alhamisi? Sammy, anayeuza diski kwenye ngazi za jengo moja karibu na Barabara ya Tom Mboya, tayari anayo. Ameniapia ni kopi safi. Namwamini, ndiye aliyeniuzia sehemu zote tatu za kwanza. Sijawahi kuingia jumba la sinema maishani. La nini, na nina televisheni yangu nyumbani, mtaa wa Mountain View?

Nimeitazama mara mbili. Inazishinda zote! Sajini Draga, jitu refu lenye upara, anapigwa risasi kumi na moja na shati halitoki hata kwenye suruali. Lakini si hilo. Ni yule Mtu wa Kivuli. Daraja linapolipuka, kichwa cheusi chenye masikio makubwa kinainuka chini ya picha, kinapita polepole, kinatoweka. Draga hamwoni. Baada ya dakika tano anarudi. Hasemi neno. Mara tatu filamu nzima! Na nimekumbuka: alikuwepo katika sehemu ya pili, na ya tatu pia. Hakuna mhakiki hata mmoja aliyemgundua.

Jumatano, 3 Agosti

Nimemaliza saa nne asubuhi. Nanakili hapa pale palipo patamu: "Sehemu ya kwanza ilikuwa mazoezi tu. Sehemu ya nne, kipenzi cha wote walioifahamu, inaacha nyuma magari arobaini yaliyoteketea na maadui wengi wasio na idadi. Msikose kumwona Mtu wa Kivuli. Yeye ni kifo chenyewe kinachomfuata Draga, na huo ni ubunifu mkubwa kuliko wote tangu sinema ianze."

Bi Rael alisoma, akavua miwani, akauliza nimeionea wapi kabla ya Alhamisi. Nikasema kwa binamu yangu wa Karen, kule kwa matajiri, ambaye ana chumba cha sinema nyumbani. Sina binamu Karen. Akasema hilo la Kivuli ni jipya kwake, na kwa kuwa gazeti linaingia mitamboni kesho asubuhi na Were hana kitu, atachapa yangu. Wasomaji wakiipenda, safu ni yangu. Were alinikodolea macho. Nimepiga mluzi hadi nyumbani.

Alhamisi, 4 Agosti

Siku mbaya. Tuliketi pamoja, Bi Rael, Were na mimi. Wimbo wa taifa ukapigwa, tukasimama, tukaketi. Picha ilikuwa safi mno. Haina ukungu, haina mtu anayekohoa. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Daraja likalipuka. Nikangoja. Hakuna mtu. Hakuna masikio!

Wameikata! Wenye jumba wameikata sehemu bora kuliko zote, na gazeti limeshachapwa! Bi Rael akanigeukia gizani. Sikuuona uso wake, na nilishukuru. Nikamnong'oneza asubiri kidogo.

Ningefanya nini? Nikainama, nikazunguka hadi mbele, nikainuka. Nikapita mbele ya picha polepole, kichwa juu, vilevile anavyopita yeye. Watu wakazomea. Nikarudi. Wakanirushia bisi. Mara ya tatu mlinzi mwenye tochi akanishika kola. Watu hawa hawajui sanaa kabisa.

Filamu ilipoisha Were akanikuta nje, akaniuliza kwa upole wa kinafiki, "Haron, si ni wewe ulikuwa unapita pale mbele?"

Nilikana. Nilikuwa na bisi kwenye nywele.

Jumamosi, 6 Agosti

Gazeti lilitoka jana, na jana jioni wasomaji wakaenda sinema. Simu zimelia tangu asubuhi. Mama mmoja wa mtaa wa Kileleshwa alimtafuta Kivuli na watoto wake wanne hadi taa zikawashwa. Bi Rael akaniita. Kumbe ofisi nzima inajua ninakonunua diski. Alikuwa ametuma mtu kwa Sammy, na kopi yangu safi ilikuwa inacheza kwenye kompyuta yake. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniuma.

"Haron," akasema, "huyu ni mtu anaenda choo."

Mtu mwingine ameketi nyuma yake sinemani akiirekodi filamu kwa kamera, basi. Kila filamu, kiti kile kile. Nimeona haya hadi nikatamani sakafu ipasuke. Safu amepewa Were. Mimi nimeandika maneno ya kuomba radhi, na kwa kuwa nafasi ilikuwa kwenye ukurasa wangu tu, yatatoka kati ya marehemu wawili.

Jumatatu, 8 Agosti

Nilimwendea Sammy nikiwa nimefura. Akanipa diski bure ili ninyamaze. Sehemu ya Tano! Ya nne haijamaliza wiki na ya tano iko tayari. Hiyo ndiyo bidii.

Nakiri, mara ile niliharakisha. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimeitazama mara tatu. Ni bora kuliko zote nne. Sajini Draga sasa ana nywele, na ni mfupi. Hicho ndicho kipaji. Mtu wa Kivuli hayupo. Lakini kila risasi zinapoanza kulia, kuna mtoto mchanga naye analia. Haonyeshwi, hatajwi, na mwanamke fulani anambembeleza gizani. Nimemwandikia Bi Rael kurasa nne, na Were ajiandae kurudi michezoni. Ni wazi mtoto ni wa nani. Haonekani, lakini nina hakika ana masikio makubwa.