Bastola ya Urefu wa Kijiti cha Kibiriti

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Siku kubwa. Habari imefika kabla sijamaliza kunoa wembe wa kwanza. Mtaalamu wa jumba la makumbusho anakuja Jumapili kwenye maonyesho yetu ya silaha za kale. Atachagua kitu kimoja tu. Kitu hicho kitakaa mjini Brescia majira yote ya baridi, ndani ya kabati la kioo, pamoja na kadi yenye jina la mwenyewe.

Jina hilo ni Faustino Bazzoli. Naliona kabisa. Herufi nyeusi, kadi nyeupe.

Nani mwingine? Bonde letu limefua mitutu tangu enzi za watawala wa Venice, na kila nyumba ina kitu ukutani. Lakini bastola ya gumegume, ile ya kuwashwa kwa jiwe la cheche, yenye urefu wa kijiti cha kibiriti, yenye kitako cha mti na mtambo wa chuma, tena inayofyatuka kweli, ninayo mimi peke yangu. Mimi, kinyozi. Niliipata kwa muuza vitu vya kale mjini, miaka mingi iliyopita. Imeshatimiza karne mbili. Aliniapia.

Ottavio Cherubini, mwenye duka la dawa, amekuja kunyolewa. Ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji, kwa sababu ana koti zuri. Amesema, povu likiwa mdomoni, kwamba bunduki yake ya gurudumu, ile inayowashwa kwa cheche za gurudumu la chuma, itakaa meza ya katikati. Vitu vidogo vitakaa karibu na mlango wa choo.

"Usinune, Faustino," akasema. "Kadude kako ni kazuri. Ila mtu akipiga chafya tu, tutakatafuta mpaka Krismasi."

Nimemnyoa kwa adabu zote. Nimemwachia kishungi cha ndevu chini ya taya. Hajakiona. Vita vimeanza.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wa kwanza. Ukumbi ni wa kanisa, na kanisani anayesema ni Padre Primo, si Ottavio. Ninachotaka ni meza ya dirishani, kwenye mwanga. Kitu kidogo bila mwanga ni vumbi tu.

Nikaenda kumwona Padre na maneno matamu. Nikamwambia akinipa meza ile nitamkata nywele bure mpaka Pasaka.

Padre akavua kofia taratibu. Akanitazama. Kichwa kinang'aa kama yai.

Ninamfahamu tangu siku aliyohamia hapa. Sijui lilinitokaje akilini.

Alisema atalifikiria. Jioni nimesikia meza ya dirishani wamepewa akina mama wa keki.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Kiti cha kinyozi ni redio ya kijiji. Asubuhi nikamnong'oneza Gelmo, mwoka mikate, kwamba gurudumu la bunduki ya Ottavio limeota kutu na halitoi cheche hata moja. Nikamwambia ni siri. Akaapa kwa roho ya mama yake.

Mchana siri ikanirudia kupitia mteja mwingine. Imebadilika kidogo. Sasa bastola isiyofyatuka ni yangu.

Nikamfuata Gelmo. Akajitetea kwamba hakuongeza neno, ila alisahau nilimtaja yupi.

Jioni baani Ottavio akasimama na glasi yake. Akatangaza kwamba Jumapili kila anayedai silaha yake inafanya kazi ataifyatua mbele ya mgeni, kwa baruti tupu, bila risasi. Atakayeshindwa ataondoa vitu vyake mezani na jina lake kwenye chama. Akasema hayo akiniangalia mimi.

Nikajibu kwa sauti kwamba nitafyatua hata mara mbili. Baa nzima ikapiga makofi. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Nimekaa kitandani ndipo nikakumbuka. Sijawahi kuifyatua. Muuzaji aliifyatua dukani kwake, nami nikaona inatosha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jaribio, jikoni. Domitilla, mke wangu, alikuwa akikoroga polenta, ugali wetu wa mahindi. Nikatia baruti chembe kama haradali. Nikavuta mtambo nyuma kwa ukucha. Kufikia hapo kazi safi.

Tatizo ni kidole changu. Kinafunika kifyatuo, kinafunika na nusu ya bastola. Nikajaribu kijiti cha meno. Kikavunjika. Nikajaribu mkasi wa kucha. Ukateleza. Nikaisogeza karibu na uso ili niitazame vizuri na kuisemesha kwa upole, ndipo ikaamua kulia.

Inafyatuka. Hilo sasa halina ubishi. Unyusi wangu wa kushoto haupo tena.

Domitilla alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia acheke tu, mabingwa wa kale walitengeneza kitu hiki kwa vidole vya wana wa wafalme, si kwa vidole vya watu wa bonde hili. Akaacha kucheka.

"Mabingwa wa kale," akasema. "Haya, bwana." Akageukia sufuria yake.

Wanawake na vyuma ni mbali na mbali. Nimejichorea unyusi kwa masizi ya kizibo. Umependeza kuliko ule wa asili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wateja wameniuliza kuhusu unyusi. Wote. Nimewaambia ni mtindo wa Milano. Gelmo ameomba anyolewe wake. Nimekataa.

Mpango wa tatu: upelelezi. Nilitaka kuona Ottavio anatumia baruti ya namna gani kwenye bunduki yake. Huwa anaiweka nyuma ya kaunta ya duka la dawa, mahali mgonjwa hawezi kukohoa bila kuisifu. Nikaingia nimeshika tumbo na kuguna. Hesabu yangu ilikuwa kwamba atakwenda stoo kutafuta dawa, nami nitachungulia.

Hakwenda stoo. Dawa ilikuwa hapo hapo chini ya kaunta.

"Pole sana, kaka," akasema, kwa huruma ambayo sijaipenda. "Mafuta ya nyonyo. Kunywa hapa hapa nikuone."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nusu ya kijiji. Mtu aliyeingia akiguna hawezi tena kusema amepona. Nikanywa. Akanijazia kijiko cha pili, akasema hicho ni cha urafiki.

Kuhusu baruti yake sikuona kitu. Nimetoka dukani nikitembea kwa heshima. Nimefika nyumbani nikikimbia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chooni.

Mchana nilipata nafuu kidogo nikamwona Domitilla mezani na bastola yangu. Alikuwa akiisafisha kwa manyoya ya kuku na tone la mafuta ya cherehani. Mikono yake ilitulia kama ya mtu anayemsuka mwanawe nywele. Nikataka kumwambia asiiguse, ni ya karne mbili. Ikabidi nirudi chooni.

Jumapili, 12 Oktoba

Ninaandika haya nikiwa nimekaa.

Ukumbi ulijaa. Nje ya mlango nyama ya nguruwe na viazi vilikuwa vikizungushwa motoni tangu alfajiri, na harufu ilimfikia kila mtu isipokuwa mimi, niliyekuwa nimeapa kutokula kitu. Mtaalamu alikuwa mwanamke, Daktari Serughetti, mwembamba, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Alipita mezani bila haraka. Alinisalimu vizuri. Aliutazama unyusi wangu, hakuuliza. Mtu wa adabu.

Ottavio akaanza. Akalikaza gurudumu lake kwa ufunguo, akaelekeza mtutu juu, akavuta. Gurudumu likalia krrr. Kimya. Akageuka kutueleza kwamba hali ya hewa ina unyevu, na bunduki ikalia katikati ya maelezo. Kipande cha lipu kikaanguka kutoka darini juu ya keki ya mapera. Akina mama wa keki walimwambia maneno ambayo Padre alijifanya hakuyasikia.

Zamu yangu. Nikaitoa bastola kwenye pamba. Watu wakasogea. Nikatia baruti. Nikainua kijiti cha meno. Mafuta ya nyonyo humwondolea mtu nguvu mpaka kwenye vidole, hili watu hawalijui. Kijiti kikagonga pembeni. Nikajaribu tena. Mtu akakohoa. Ottavio, na lipu mabegani, akauliza kwa upole kama tuendelee na mwingine.

Niliona jina langu likifutwa. Nimekuwa kwenye chama tangu kilipoanza. Nje ya kile chama mimi ni mtu wa kufagia nywele.

Ndipo Domitilla akapita katikati ya watu. Huwa haji kwenye maonyesho. Akaichukua bastola kiganjani mwangu, akachomoa sindano kwenye kola ya gauni, akaelekeza mtutu kwenye mshumaa wa mezani, akagusa kifyatuo kwa ncha ya sindano. Tak. Mlio kama wa kuvunja njugu. Mshumaa ukazimika.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nikainama kuwashukuru.

Daktari akaomba kujua habari za bastola. Nikampa zote. Enzi za Venice, bingwa asiyejulikana, wana wa wafalme, karne mbili. Nilizungumza vizuri sana. Alisikiliza, kisha akamgeukia Domitilla. Akamuuliza mama amejuaje kwamba kifyatuo kinataka sindano.

"Nilimwona baba akifanya hivyo," Domitilla akasema. "Aliyeitengeneza ni yeye."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka pamoja nami.

Domitilla akatoa kibanio cha nywele, akalegeza skrubu mbili ambazo mimi sikuwahi kujua kama zinalegea, akainua kibamba cha ubavuni. Daktari akaweka kioo chake. Akasoma kwa sauti herufi nne zilizochongwa ndani, DOMI.

Mke wangu hakuwa akizungumza na ukumbi. Alikuwa akizungumza na mimi. Alisema kiwanda cha bunduki alikofanya kazi baba yake Battista kilisimama majira moja ya baridi baada ya vita, na mzee hakuweza kukaa mikono mitupu. Yeye, Domitilla, alikuwa mtoto, akimshikia taa. Bastola alitengenezewa yeye. Halafu mama yake akaugua na ikabidi iuzwe.

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miaka yote hii.

"Ulikuja nayo umeifunga kwenye leso," akasema, "umefurahi kama bwana harusi. Ukaniambia ina karne mbili. Ningekwambia nini, Faustino? Nilikuwa nimeilia utoto mzima, na wewe bila kujua ukanirudishia. Nikasema mwache aringe."

Nikatafuta kiti. Mzee Battista. Nilikaa naye meza moja Jumapili ngapi, nikimweleza kuhusu mafundi wa kweli wa zamani, na yeye akimenya njugu za kastanya kwa vile vidole vyake vinene, akisema ndiyo, mwanangu, ndiyo. Nilimnyoa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Sikuwahi kumuuliza chochote.

Domitilla akaweka mkono begani mwangu. Akaniambia kwamba masizi ya unyusi yanatiririka.

Daktari akasema vitu vya karne mbili anavyo vingi, hana pa kuviweka. Cha namna hii hana hata kimoja. Amechagua bastola. Ottavio mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga makofi, hilo lazima niliandike, ingawa linaniuma.

Kadi imeandikwa hapo hapo. Kazi ya Battista Tonoli. Mali ya binti yake, Domitilla. Nikaomba jina langu liwekwe hata nyuma ya kadi. Daktari akasema nyuma kuna gundi.

Jumanne, 14 Oktoba

Duka limejaa tangu asubuhi. Watu wanataka kusikia, nami nimewaeleza ilivyokuwa. Niliutambua mkono wa baba mkwe mara tu nilipoiona bastola ile mjini. Kwa sababu hiyo niliichukua. Nikakaa kimya miaka yote nikisubiri siku inayofaa, ili Domitilla apate heshima yake. Domitilla alipita na taulo, akasimama, akanisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa akaenda zake. Nadhani ameguswa.

Gelmo amesema hiyo ni tabia ya mtu mkubwa. Nimemwambia asimweleze mtu. Kufikia jioni watakuwa wanajua wote.

Halafu bahati nyingine. Watu wakubwa haziwaishi. Mchana ameingia mgeni, msafiri, mwenye sanduku. Amenyolewa ndevu, akatazama kulia na kushoto, akanitolea mzinga mdogo wa shaba, mrefu kama ganda la njegere, magurudumu yanazunguka. Amesema ulikuwa wa nahodha wa manowari ya Venice, naye ni mjukuu wake. Alisita sana kuachana nao. Nilimwona machozi. Mwishowe alikubali tubadilishane kwa kiti changu cha pili cha kunyolea, ambacho sikihitaji sana. Tumekipakia pamoja kwenye gari lake.

Ottavio hajui. Nitamwambia kesho, akiwa na povu mdomoni. Maonyesho yajayo meza ya katikati ni yangu.

Sijamwambia Domitilla pia. Safari hii mtaalamu ni mimi, na nimeukagua mwenyewe kwa kioo. Chini ya mtutu kuna maandishi madogo: Ukumbusho wa Rimini, ule mji wa pwani ambako siku hizi watalii huenda kuogelea. Lazima vita vya huko vilikuwa vikali.